Kibao cha Kokuhirwa

Watoto walimwambia Mwalimu Alistidia siku ya kwanza tu alipofika: yule pale karibu na mlango, Kokuhirwa, ni bubu, usihangaike naye. Akaamini. Ijumaa alimsalimu, kimya. Jumatatu alimwita kwa jina, kimya, wala mtoto hakugeuza shingo. Basi Jumanne asubuhi, kengele ilipogongwa na shule nzima ikajipanga mstarini, huyo bubu akachomoka, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Mwalimu Mkuu Karugendo, akasema kwa sauti kavu iliyofika hadi migombani, "Nyegera!"

Chaki ilimponyoka Alistidia mkononi.

Jamani, nyegera! Hilo ndilo neno la Mhaya mwenye nyumba anapomkaribisha mgeni wake aingie. Na hapa mtoto wa darasa la tatu, miguu peku, anamkaribisha Mwalimu Mkuu kwenye shule yake mwenyewe, kwa Kihaya, tena siku ya Kiingereza! Wenzake waliziba midomo wasicheke. Karugendo aliingia ofisini, akatungua kibao kwenye msumari, akatoka nacho, akamvika mtoto shingoni.

"Si wanasema ni bubu?" Alistidia alimuuliza Karugendo walipokuwa wakielekea madarasani.

"Bubu wa wapi! Huyo ana kiburi cha kuzaliwa nacho. Jumatatu bubu, Jumatano bubu, Ijumaa bubu. Ikifika Jumanne na Alhamisi, siku zangu za Kiingereza, ndipo anapopata mdomo wa kunidhihaki. Utamzoea, binti yangu. Mimi nimeshamzoea."

Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha mti wa msizi, cha duara, upana wa kiganja, kimetobolewa na kutiwa kamba ya katani. Siku za Kiingereza, atakayenaswa akisema Kihaya, au hata Kiswahili, anakivaa mpaka amnase mwenzake amvishe. Watoto walikikimbia kama siafu, maana atakayekutwa nacho kengele ya mwisho ikigongwa anaingia ofisini, ananyoosha viganja, anakula fimbo nne. Na kwa vile ni siku ya Kiingereza, hata fimbo zilihesabiwa kwa Kiingereza, Karugendo akihesabu mwenyewe kwa sauti yake nzito ya kuburuza. Ukimaliza, sharti useme, "Thank you, sir." Usiposema, inaongezwa ya tano.

Lakini msimhukumu haraka. Karugendo naye alivaa kibao kama hicho alipokuwa mdogo, shule ya misheni, akachapwa, akakijua Kiingereza, akawa mwalimu. Nchi imetimiza miaka kumi ya uhuru, alipenda kusema, na bado barua za ofisini zinaandikwa kwa lugha ambayo mkulima wa Muleba haijui. Alitaka watoto wa hao wakulima wa kahawa wazifungue ofisi hizo kwa mikono yao. Njia aliyoijua ni ile iliyomtoa yeye, basi. Kile kibao alikichonga mwenyewe na alikionea fahari.

Alistidia, kwa upande wake, alikuwa Mlutheri wa Bukoba mjini, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kucheka, ametoka chuoni na madaftari yake na jinsi yake ya kufundisha: mwalimu anasema, darasa zima linaitikia, tena kwa nguvu. Jumanne ile aliinua kikombe juu. "This is a cup!" Darasa likapaza sauti mabati yakatetemeka. Kokuhirwa akaziba masikio, akaanza kujitikisa mbele nyuma, mbele nyuma.

"Look at me!" Alistidia alimwamuru. Mtoto akatazama bawaba ya mlango. Alistidia akamshika kidevu ili amgeuze uso. Loo! Ulitoka ukelele hapo ambao hata darasa la saba waliusikia, na mwalimu akarudi nyuma kama aliyegusa moto.

Kengele ya mwisho ilipolia, alipita mbele ya ofisi. Kokuhirwa alikuwa ameshaingia, na kibao chake kifuani. Hakungoja kuambiwa. Alinyoosha viganja vyote viwili, vimebanwa pamoja, juu kabisa. Karugendo akahesabu, one, two, three, four, na mtoto hakukunja hata kidole. Midomo yake ilicheza kidogo, sauti haikutoka. Fimbo hazikumliza. Karugendo alipomvua kibao na kukitundika kwenye msumari, hapo ndipo alipolia. Alilia akagaagaa sakafuni, akauparura ukuta chini ya ule msumari, mpaka dada yake mkubwa akaja kumbeba.

"Unamwona?" Karugendo alisema, akijipangusa jasho. "Maumivu kwake yanafika yamechelewa."

Alistidia alikwenda zake. Kuna kitu alikuwa amekiona, na alikuwa hajui amekiona nini.

Alhamisi alijua. Asubuhi nyegera ikatoka tena, kibao kikavaliwa tena. Saa ya mapumziko watoto walikuwa wakikimbizana, naye Alistidia akazunguka nyuma ya madarasa, kwenye mibuni ya shule. Kokuhirwa alikuwa amekaa chini peke yake. Amekivua kibao, amekipandisha kwa kamba yake, anakizungusha, anakitazama kinavyojisokota na kujisokotoa. Akakinusa. Akakiweka shavuni, akafumba macho. Halafu akacheka! Kicheko kidogo, cha ndani, cha mtu aliyefika kwake.

Alistidia akashika tawi la mbuni. Mungu wangu. Mtoto hakuwa na kiburi. Mtoto alikipenda kibao. Alikuwa amechunguza akaona kwamba hapa duniani kuna neno moja, ukilisema siku fulani mbele ya mtu fulani, unapewa hiki kitu kizuri ukae nacho mchana kutwa. Bei yake ni fimbo nne jioni. Naye alikuwa akiilipa, bila deni, kila Jumanne na kila Alhamisi.

Alikwenda ofisini mbio, kanga inamvuka. Alimweleza Karugendo yote kwa pumzi moja. Karugendo alimsikiliza, akacheka mpaka akakohoa.

"Mtoto anapenda kibao? Binti yangu, hakuna mtoto anayependa kibao. Mimi nilikivaa."

"Mwalimu Mkuu, nimemwona kwa macho yangu!"

"Sikia. Mkaguzi anakuja kutoka Bukoba Alhamisi ya mwisho wa mwezi, kusikiliza Kiingereza. Sitaki anisikie nakaribishwa kwa Kihaya mbele yake. Nimeshamwita mama yake. Huyu hasomi, anachezea nafasi. Amchukue akae naye nyumbani."

Immakulata, mama yake Kokuhirwa, alikuwa ameshakaa nje kwenye majani anangoja, mjane mwembamba mwenye mikono migumu ya jembe. Alistidia alimfuata akachuchumaa naye.

"Zamani walinisifia, waitu mwalimu," Immakulata alisema, akimwita kwa neno la heshima la Kihaya, akichuma majani na kuyatupa. "Majirani wote. Mtoto hamkodolei mtu mzima macho, hajibizani, amekaa pale unapomweka. Wakasema, Immakulata, umezaa binti mwenye adabu kuliko wote kijijini. Nami nikavimba kichwa! Kumbe ni adabu gani, waitu? Alikuwa hatuoni."

"Nyumbani anakaa na nani?"

"Mwaka juzi, msimu wa senene, tulitoka wote kukamata, nikamwacha. Tukamkuta mtoni, maji yamemfika hapa." Akagusa shingo yake. "Tangu hapo nikienda shambani namfunga. Kamba, mguu mmoja, kwenye kitanda. Anakaa mpaka nirudi. Shule ndiyo mahali pekee hafungwi."

Alistidia alisimama, akapiga moyo konde, akarudi ofisini.

"Nipe mpaka siku ya mkaguzi," alisema. "Akisema Kiingereza mbele yake, na ile nyegera isisikike, abaki shuleni. Asipoweza, mama yake atamchukua siku hiyo hiyo, nami sitafungua mdomo."

Karugendo alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mlevi. "Haya. Lakini mama yake namwambia aje siku hiyo, asije akasema hatukupatana."

Kwanza Alistidia alijiona mjanja. Alikwenda Muleba sokoni kwa Mushumbusi seremala, akachongewa kibao kingine: msizi ule ule, duara ile ile, kamba ya katani. Akampa Kokuhirwa. Mtoto akakinusa, akakitupa migombani, akaenda kusimama chini ya dirisha la ofisi. Basi! Ni kile pale, hakuna kingine.

Sasa, siku zisizo za Kiingereza kibao kilining'inia tu ofisini, na Karugendo saa sita alikwenda kula kwake. Ndipo Alistidia, binti wa mchungaji, akaanza kuiba. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikitungua, akakificha chini ya kanga, akamchukua mtoto mpaka stoo ya majembe, ambako hakuna kelele. Hakumwita jina kwa ukali. Hakumshika kidevu. Alikaa ubavuni pake, wote wawili wakitazama upande mmoja, kama watu wanaosubiri gari. Mbele yao akaweka kikombe na kibao.

"Cup," alisema polepole, akanyamaza.

Mtoto alinyoosha mkono kwenye kibao. Alistidia akakisogeza kando. "Cup." Wakakaa hivyo mpaka kengele. Siku iliyofuata, hivyo hivyo. Alistidia alichoka, alikasirika, alitoka nje akapiga teke jiwe akaumia kidole, akarudi, akakaa. "Cup."

"Cup," akasema Kokuhirwa.

Hee! Alistidia alitaka kupiga vigelegele, akakumbuka masikio ya mtoto, akajiziba mdomo kwa mikono miwili huku machozi yanamtoka. Akampa kibao. Kikazungushwa, kikanuswa, kikawekwa shavuni, na hakuna aliyechapwa. Toka hapo mlango ulifunguka. Water. Hoe. Door. Banana. Alichora kila kitu kwenye vipande vya boksi, akavipanga vile vile kila siku, maana kimoja kikigeuzwa mahali kazi yote iliharibika. Darasani akamhamishia nyuma, mbali na kelele, na darasa zima akalizoeza kuitikia kwa sauti ya chini, jambo ambalo liliwashangaza watoto wenyewe kwa utamu.

Lakini Jumanne na Alhamisi asubuhi, nyegera ilitoka vile vile, na jioni fimbo zikahesabiwa. Alistidia alijaribu kumzuia, akashindwa. Neno lile lilikuwa halijamdanganya mtoto hata siku moja.

Siku ya mkaguzi ikafika. Alistidia alimfuata mtoto kwao alfajiri, akampitisha nyuma ya shule, akamkalisha darasani kabla ya kengele ili asimwone Karugendo mstarini. Landrova ikaja. Mkaguzi, Ndugu Burhani, alikuwa mzee mpole mwenye miwani. Alipewa kiti, akaletewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kama desturi, akaguguna mbili tatu akisikiliza. Nje ya dirisha Immakulata alikuwa ameshafika, amesimama na mikono nyuma.

Na Karugendo akaingia. Alikuwa amevaa suti yake ya Jumapili, na kibao kinaning'inia mkononi. Alitaka kumwonyesha mkaguzi jinsi sheria ya Kiingereza inavyolindwa shuleni kwake.

Kokuhirwa alikiona.

"Kokuhirwa," Alistidia alisema haraka, kwa sauti ya chini, akainua kikombe. "What is this?"

Mtoto alisimama. Hakwenda kwa Alistidia. Alipita katikati ya madawati mpaka ubavuni mwa Mwalimu Mkuu, akasimama bega kwa kiuno chake, macho kwenye kibao.

"Cup," alisema.

Karugendo aligeuka kama aliyeitwa na maiti. Mkaguzi aliacha kutafuna. "Very good," alisema. "Very good indeed."

Mtoto alingoja. Kibao hakikuja. "Water," akasema. Akangoja. "Hoe. Door. Banana." Darasa zima lilikuwa limeduwaa, huyu ni yule bubu? Kila neno lilitoka safi, na baada ya kila neno mkono wake ulifunguka kidogo kupokea, ukabaki mtupu.

"Mpe, Mwalimu Mkuu," Alistidia alinong'ona. "Tafadhali, mpe kibao."

"Nimpe vipi?" Karugendo alinong'ona naye, jasho jembamba linamtoka. "Amesema Kiingereza!"

Ndiyo sheria ilivyokuwa, jamani. Asemaye Kiingereza havai kibao. Kadiri mtoto alivyopatia, ndivyo kibao kilivyozidi kuwa mbali. "Cup! Water! Cup!" Sauti ilipanda, akaanza kujitikisa, mikono ikamwenda masikioni. Alistidia alijua kinachokuja, akakimbilia mbele, akachelewa.

"Nyegera!" akasema Kokuhirwa.

Na mkono wa Karugendo, kwa mazoea tu, kichwa chenyewe kikiwa bado mbali, ukainuka ukamvika kibao.

Alistidia aliegemea ubao. Basi, yameisha. Neno limesikika, na mapatano ni mapatano. Dirishani Immakulata aliinamisha kichwa.

Lakini Kokuhirwa hakurudi mahali pake. Alikigusa kibao kwa shavu, mara moja, akatulia. Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu, akanyoosha viganja vyote viwili, vimebanwa pamoja, juu kabisa. Akangoja.

Mkaguzi alitabasamu. Kwao alikotoka, mtoto akikinga mikono hivyo anaomba. Alichota kahawa kikapuni, akamtilia viganjani. Mtoto akaziacha zikamwagika sakafuni, akanyoosha tena.

"Anataka nini?" mkaguzi aliuliza.

Datius, kiranja wa darasa, akasimama kwa adabu zake zote. "Anangoja fimbo, Ndugu Mkaguzi. Amepata kibao, sasa anataka kuchapwa."

"Anataka?"

"Kila siku ya kibao, Ndugu."

Karugendo alivitazama vile viganja. Vilikuwa na alama, za juzi na za wiki ile nyingine, na zote alizijua, maana ni za mkono wake. "Nenda ukakae," alisema, sauti imepasuka. Mtoto hakusogea. "Kaa nacho, mtoto wangu. Nenda."

"Haendi, Mwalimu Mkuu," alisema Alistidia, analia waziwazi sasa, hajali mkaguzi wala nani. "Hajalipa. Hajui kukaa nacho bila kulipa. Umemfundisha hivyo."

Karugendo akapiga magoti. Mwalimu Mkuu, na suti yake, kwenye vumbi la darasa la tatu. Aliinua kidole kimoja, akakigusisha kwenye kiganja cha mtoto, taratibu.

"One," akasema Kokuhirwa.

Watoto walishtuka wakashikana. Haikuwa sauti yake. Ilikuwa nzito, ya kuburuza, ya Karugendo mwenyewe kabisa, imetoka kwenye kifua kile kidogo. Karugendo aligusa tena, uso umemgeuka kijivu.

"Two." Akagusa. "Three." Akagusa. "Four."

Mtoto akakunja viganja, akavishusha. "Thank you, sir," alisema, akarudi kwenye kona yake, akakaa, akaanza kukizungusha kibao kwa kamba yake.

Mkaguzi alivua miwani. "Amejua kuhesabu," alisema polepole. "Nani amemfundisha?"

Alistidia na mtoto walikuwa bado hawajafika kwenye namba.

"Mimi," akasema Karugendo, angali magotini.

Alijinyanyua kwa kushika dawati, akatoka nje bila kuomba ruhusa. Immakulata alipomwona anakuja alipiga magoti kumwamkia, kama mwanamke wa Kihaya apasavyo, na ile mikono aliyokuwa ameiweka nyuma ikaja mbele. Ilikuwa imeshika kamba ya mgomba, mpya, imesokotwa vizuri.

"Hiyo ya nini, mama?"

"Ya mguuni, waitu," alisema Immakulata. "Uliniambia nije kumchukua."

Karugendo aliipokea kamba, akaitazama, akaikunja mara nyingi mpaka ikaingia mfukoni mwa koti.

"Rudi shambani, mama," alisema. "Mtoto wako bado yuko darasani."